Ahadi kwa Kiswahili, onyo kwa Kifaransa: tuzungumze juu ya matangazo ya televisheni hapa Lubumbashi

Sauti ya Kampemba (mwanzilishi wa uzi)

Jambo kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Kazi yangu ni ya sauti. Kwa miaka kumi na zaidi nimekuwa nikitafsiri na kusoma matangazo ya biashara kwa Kiswahili katika studio ndogo za mji huu, na huenda wengi wenu mmenisikia bila kunijua, mkisubiri taarifa ya habari ya jioni, nikiwasifia sabuni, unga wa mahindi, bia, vifurushi vya intaneti, mafuta ya kupaka na vitu vingine ambavyo baadhi yake sijathubutu kuviingiza nyumbani kwangu. Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo lililonitokea mwezi uliopita, ambalo limenifanya niyasikie matangazo yangu mwenyewe kama mtu mgeni anayeyasikia kwa mara ya kwanza.

Kampuni moja ya vinywaji, ambayo sitaitaja, ilileta tangazo la bia la sekunde 30. Maandishi yalikuja kwa Kifaransa, kama ilivyo desturi, nami nikapewa jioni moja ya kuyageuza. Mwenye kazi hii anajua kwamba Kiswahili hakienei kwa urahisi katika nafasi iliyokatwa kwa kipimo cha Kifaransa: neno letu moja hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo maneno yetu ni machache lakini ni marefu, na katika sekunde 30 msomaji asiyekimbia hutosheka na maneno 60 hivi. Nikakata hapa, nikaunga pale, mpaka nikapata kitu kilichonipendeza: marafiki wanatoka kazini, jua linazama nyuma ya kile kilima cheusi cha kampuni ya madini ya Gécamines, mmoja wao amepandishwa cheo, meza inajaa chupa. Mwishoni nikawa nimeweka akiba ya sekunde nne kwa ajili ya sentensi mnayoijua, kwamba pombe ikizidi hudhuru afya na kwamba mtu anywe kwa kiasi.

Msimamizi aliyetumwa na mteja alisikiliza hadi mwisho, akavua vile visikizio, akaniambia: "Hiyo ya mwisho usiisome kwa Kiswahili. Iache kwa Kifaransa, tena tutaiandika tu huku chini." Nikamuuliza sababu. Hakukasirika, wala hakuficha. Alisema kwa Kiswahili inasikika vibaya, inaharibu utamu wa tangazo. Nilikuwa nimekwisha kupanda teksi kurudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba inasikika vibaya kwa sababu inaeleweka.

Kesho yake nilikaa sebuleni na daftari kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi umeme ulipokatika, karibu saa tatu usiku. Sikuhesabu matangazo, nilikuwa naandika lugha tu. Palipokuwa na asali palisemwa kwa Kiswahili, mara nyingine kwa Lingala, na palipokuwa na shubiri palisemwa kwa Kifaransa au hapakusemwa kabisa. Bahati nasibu ya simu iliahidi gari kwa Kiswahili, na masharti yake yakapita chini kwa Kifaransa, kwa herufi ambazo ningelazimika kupiga magoti mbele ya kioo ili nizisome. Mchezo wa kubashiri matokeo ya kandanda ulishangilia kwa Kiswahili, na katazo la walio chini ya miaka 18 likakaa pembeni kwa Kifaransa kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Nilipochoka nikahamia chaneli moja ya Ufaransa, kwa dikoda ileile na rimoti ileile, na pale bia ikatoweka. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 10 Januari 1991, inayoitwa kwa jina la waziri wa afya wa wakati huo, Claude Évin, imeyafungia matangazo ya pombe mlango wa televisheni. Kwa hiyo mwanangu, bila kuinuka kwenye kochi, anaona bia jioni nzima katika chaneli za mji wake mwenyewe, na akihamia ya Wafaransa haoni hata chupa moja ikitangazwa. Mtoto wa Paris amelindwa dhidi ya kitu ambacho mtoto wa Kampemba anasomewa na baba yake mzazi.

Kifungu cha kwanza cha Katiba yetu ya Kongo kinasema lugha rasmi ni Kifaransa, kisha kinataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na kuipa Serikali wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Wafanyabiashara wamekielewa kifungu hicho kuliko sisi sote: wanajua lugha ipi ni ya kusainia na ipi ni ya kushawishia. Sisemi kwamba tangazo lile lilikuwa na uongo ndani yake. Kila neno lilikuwa kweli, na onyo lilikuwepo, ila lilitolewa kwa lugha iliyochaguliwa kwa makusudi ili aliyelengwa asilisikie. Je, hilo tuliite nini? Na mimi niliyesoma, niko upande gani? Kuna rafiki aliyeniambia kwamba mimi ni kama spika tu, na spika haiulizwi. Jibu hilo halijanipa usingizi.

Mama Ruashi

Baba Sauti, asante kwa kuyasema haya mwenyewe kabla hatujayasema sisi. Mimi ni mfanyabiashara wa sokoni na nina watoto watano, na pombe unayoizungumzia, kwa kweli, si ya kwanza kunisumbua. Mimi nasumbuliwa na juisi.

Kuna unga wa juisi unaouzwa kwa vipakiti vidogo, jina lake naliacha. Katika tangazo, mama aliyevaa vizuri anamimina pakiti moja katika jagi kubwa la kioo, anakoroga mara moja, na maji yanakuwa ya rangi ya machungwa iliyokolea kiasi kwamba unahisi harufu yake. Mtoto wangu wa mwisho, ambaye bado hajajua kusoma, alinivuta kitenge pale dukani akipiga kelele: "Mama, njo ile yenye banaonyeshaka ku télé!" Nikanunua, maana watu walikuwa wanatutazama. Nyumbani nikaweka pakiti moja katika lita moja ya maji, kama mama yule. Yakawa maji yaliyopauka, kama yale ya kusuuzia kikombe. Nikaongeza ya pili. Rangi ile ya kwenye televisheni ilikuja kwa pakiti ya nne, na juisi ikawa tamu kiasi cha kuwasha meno. Mtoto hakusema kwamba televisheni imedanganya. Alisema mimi sijui kutengeneza.

Hilo ndilo lililoniuma. Mtu mzima akidanganywa anamlaumu muuzaji, lakini mtoto anamlaumu mama yake.

Mwanasheria Kijana

Mama Ruashi, jagi lako lina ndugu yake Marekani, na ndugu huyo alifikishwa mahakamani. Mwaka 1959 kampuni ya Colgate-Palmolive ilitangaza katika televisheni krimu ya kunyolea ndevu iitwayo Rapid Shave, ikionyesha inapakwa juu ya msasa na wembe ukiukwangua msasa huo papo hapo hadi ukawa laini. Kilichokuwa mbele ya kamera hakikuwa msasa, kilikuwa kipande cha plastiki angavu kilichomwagiwa mchanga. Krimu ile iliweza kweli kulainisha msasa, lakini baada ya kuuloweka kwa dakika 80 hivi. Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliishtaki kampuni, shauri likapanda hadi mahakama ya juu kabisa, ambayo mwaka 1965 iliamua kwamba kumfanya mtazamaji aamini kuwa ameshuhudia jaribio kwa macho yake, ilhali ameonyeshwa kitu kingine, ni udanganyifu hata kama sifa yenyewe ya bidhaa ni ya kweli. Naipenda hukumu hiyo kwa sababu inatambua nguvu ya televisheni ilivyo: redio hukuambia, bali televisheni hukufanya shahidi, na shahidi hubishana na watu kwa niaba ya aliyemdanganya.

Kuhusu watoto, jimbo la Québec nchini Kanada limekataza tangu mwaka 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga walio chini ya miaka 13. Kampuni ya midoli ilipinga kwa jina la uhuru wa kusema, na mwaka 1989 mahakama ya juu kabisa ya Kanada ikailinda sheria. Sababu iliyotolewa ni rahisi kuelewa kwa yeyote aliyewahi kulea: mtoto mdogo hajajua bado kwamba anayezungumza naye kwa tabasamu ana kitu anachotaka kutoka kwake.

Kwetu, chombo cha kusimamia kipo. Kifungu cha 212 cha Katiba kinaliunda Baraza Kuu la Sauti na Picha na Mawasiliano, tunaloliita CSAC, na sheria oganiki namba 11/001 ya tarehe 10 Januari 2011 ikalipa muundo na kazi zake. (Tarehe ni ileile ya sheria ya Évin, miaka 20 kamili baadaye, kwa bahati tu.) Lakini ukifuatilia mambo ambayo Baraza hilo hujulikana kwayo katika mazungumzo ya watu, utakuta ni siasa: nani amesimamishwa kusema hewani, chama kipi kimenyimwa muda. Ni mara chache sana kumsikia mwananchi akisema kwamba amepeleka huko malalamiko juu ya pakiti ya juisi, na nadhani kosa si la Baraza peke yake. Sisi wenyewe tumezoea kuona siasa kuwa jambo la haki, na juisi kuwa jambo la bahati mbaya.

Aliyekuwa Kitengo cha Biashara

Wakubwa, mniruhusu niwe upande wa wanaotukanwa. Nilifanya kazi ya kuuza muda wa matangazo katika televisheni moja binafsi hapa mjini, nami nataka mjue pesa hutoka wapi kabla hamjaamua zirudi wapi.

Televisheni yetu haikuwa na ruzuku, na watazamaji hawakuwa wanalipa hata faranga moja. Umeme ukikatika saa moja jioni, yaani saa yenye wateja, mafuta ya jenereta lazima yapatikane, la sivyo tangazo lililolipiwa halirushwi na mteja anadai pesa zake. Kuna miezi ambayo mteja alilipa nusu kwa fedha na nusu kwa kreti, na sisi wafanyakazi tukazigawana na kwenda kuziuza kwenye nganda, zile baa za mtaani, ili tupate mshahara. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba onyo lisomwe kwa Kiswahili. Ukimwambia, anatabasamu, anachukua kaseti yake, anakwenda kwa jirani, na mwisho wa mwezi mkurugenzi anakuuliza wewe. Kwa hiyo ndugu Sauti, ukitaka kanuni hiyo iwepo, iwe ya chaneli zote kwa siku moja, maana atakayeanza peke yake atafunga duka.

Lakini niseme na jambo ambalo mmelipita. Tangazo la bia, pamoja na ubaya wake wote, lina heshima moja: linajulikana kuwa ni tangazo. Kuna muziki, kuna chupa, kuna jina la kampuni. Ninachokiogopa zaidi ni kile kisichojulikana. Mnakijua wenyewe kile ambacho waandishi wetu wanakiita coupage: mwenye shughuli anampa mwandishi bahasha, na jioni ile shughuli inaonekana katika taarifa ya habari kama habari, ikisomwa na mtangazaji yuleyule, kwa sauti ileile, baada ya vita na kabla ya kandanda. Duka linafunguliwa, mganga wa mitishamba anapewa dakika nane za "mahojiano" ambamo anataja kisukari, ugumba, bawasiri na namba yake ya simu, mchungaji ananunua saa nzima na shuhuda za uponyaji. Mimi niliziandika ankara za vitu hivyo. Katika daftari letu vilikuwa safu moja na bia, ila kwenye kioo havikuwa na alama yoyote. Kanuni ya matangazo ya Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1937, inadai kwamba tangazo litambulike kuwa tangazo, nasi tulikuwa na nakala yake ofisini, kwa Kifaransa, juu ya kabati.

Labda tusishangae sana. Sisi ni watu tuliolelewa na nyimbo ambamo mwanamuziki hutaja majina ya matajiri waliomlipa, na tukaipa desturi hiyo jina la mabanga na kuicheza harusini. Mtu aliyezoea sifa za kununuliwa katika wimbo hashtuki akizikuta katika habari. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kuacha dawa ya kisukari kwa sababu ya wimbo.

Muuguzi wa Kenya

(Kenya ya hapa Lubumbashi, jamani, mtaa wetu, kila nikiandika jina hili kuna anayeniuliza habari za Nairobi.)

Sentensi ya mwisho ya ndugu wa Biashara ningependa niifuate kidogo, kwa kuwa naishi nayo kazini. Wagonjwa wanaoacha vidonge kwa ajili ya chupa iliyotangazwa wapo, na wakirudi hawasemi "mganga aliniambia". Wanasema "nilisikia kwenye habari". Wanasema hivyo kwa kujitetea, na wana haki ya kujitetea.

Lakini nitazungumzia mambo mawili mengine. La kwanza ni maziwa ya unga ya watoto wachanga. Mwezi Mei mwaka 1981, huko Geneva, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya kimataifa kwa kura 118 dhidi ya moja ya Marekani, ikisema kwamba bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama zisitangazwe kwa umma. Watu hudhani kanuni ile inachukia maziwa ya kopo, kumbe sababu yake ni ile ninayoiona mimi kila wiki: kopo ni ghali, mama analinyoosha lifike mwisho wa mwezi, kwa hiyo anaweka kijiko kimoja mahali pa vitatu, na maji ni ya kisima ambayo hakuyachemsha kwa sababu makaa nayo yana bei. Mtoto anaharisha huku anakonda, na mama anaapa kwamba anampa "maziwa ya wazungu" kama ilivyoonyeshwa. Katika picha, jiko halionekani. Maji yanatoka kwenye birika linalong'aa, tayari.

La pili ni mafuta na sabuni za kujichubua. Hapa tangazo halisemi kamwe "chubua ngozi". Linasema "ng'aa", linasema "rangi moja mwili mzima", na dada anayeonyeshwa kabla ni mweusi aliyenuna, na anayeonyeshwa baadaye ni mweupe anayecheka. Haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi ambayo hayatoki tena, na zebaki, ambayo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unalenga kuiondoa katika vipodozi, huharibu figo. Dada zetu wanakuja wakiwa wamejifunga mtandio shingoni kwenye joto la mwezi wa kumi. Tangazo la aina hii nalihesabu kuwa baya kuliko la bia, kwa sababu bia inaahidi jioni njema, na hili linaanza kwa kukuambia kwamba ulivyozaliwa una kasoro.

Mtu wa Bukavu

Nawasalimu kutoka kando ya ziwa. Nimesoma yote kwa makini na nina mashaka mawili.

Kwanza, mnamchukulia mtazamaji kama mtoto mchanga. Mzee wangu, ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye "bonjour", anajua vizuri sana kwamba pombe inalevya, naye hakuhitaji sekunde nne za ndugu Sauti ili ajue. Hapa kwetu mji una kiwanda cha bia tangu zamani, na watu waliojengewa nyumba na kusomeshwa watoto kwa mshahara wa kiwanda hicho ni wengi. Tusizungumze kana kwamba matangazo yalitua kutoka mbinguni juu ya watu wasio na akili.

Pili, hata mkishinda, mtakuwa mmeshinda sehemu ndogo. Toka nje ya nyumba uhesabu: viti vya plastiki vya nganda vina jina la bia, meza zina jina la bia, mwavuli wa muuza mikate una jina la bia, na ukuta wa duka lililo mkabala na shule umepakwa rangi zake kuanzia chini hadi juu kwa sababu mwenye duka alipewa rangi bure. Ufaransa iliweza kufunga televisheni kwa sababu ina mkono wa kufikia hata ukuta. Sisi tukifunga televisheni, pesa zilezile zitahamia kwenye kuta, na watangazaji ndio watakaokosa mshahara.

Sauti ya Kampemba (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wa Bukavu, kuhusu ukuta unasema kweli na sina jibu. Kuhusu mzee wako, nakubaliana nawe kwamba anajua pombe inalevya. Lakini kama kila mtu anajua, basi onyo kwa Kiswahili haliongezi kitu na mteja hana cha kuogopa; kwa nini basi alilipa mtu aje studio kuhakikisha kwamba halisomwi? Mtu anayeuza bia kwa riziki yake anapima uzito wa kila sekunde kuliko mimi na wewe, naye alipopima aliona kwamba sekunde nne zile zina uzito.

Kuna mfano mmoja unaonipa moyo. Wazee wa hapa wanakumbuka matangazo ya sigara, yule bwana mwenye koti na gari. Nchi yetu ilijiunga mwaka 2005 na mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao kifungu chake cha 13 kinadai matangazo yapigwe marufuku, na leo sigara huioni ikisifiwa katika chaneli zetu kama bia inavyosifiwa. Vituo havikufungwa kwa sababu hiyo. Uingereza iliiondoa sigara kwenye televisheni mwaka 1965, Marekani mwanzoni mwa 1971, na huko nako wenye vituo walilia kwanza, kisha wakatafuta wateja wengine. Ndugu wa Biashara alisema sahihi: siku moja kwa chaneli zote.

Wakati tunasubiri siku hiyo, nimejaribu kazi ninayoiweza. Kinachoweza kumfanya mteja akatae si lazima kiwe Kiswahili chenyewe, pengine ni Kiswahili kibaya, maana tafsiri za maonyo tulizonazo ni nzito kama barua ya mahakama. Nimeandika hii, naomba muikosoe: "Pombe ikizidi hudhuru afya, kunywa kwa kiasi." Nimeipima kwa saa ya simu, inachukua sekunde nne kasoro kidogo.

Mama Ruashi

Ni nzuri, Baba, lakini ni ya kitabuni. "Hudhuru" haijawahi kuingia Ruashi. Huku wanasema "Pombe mingi inaharibisha mwili", na hata mlevi anaitikia. Nilipoisoma kwa sauti jikoni, yule mtoto wangu wa juisi alikuwa anamenya ndizi, akaniuliza: "Mingi ni chupa ngapi?" Nikabaki nimeshika mwiko. Bukari ikaanza kuungua.

Muuguzi wa Kenya

Mtoto amegusa penyewe. "Kwa kiasi" ni neno ambalo kila mnywaji hulijaza kwa kipimo chake, na ndiyo sababu wauzaji wenyewe hawalichukii. Mwanzoni mwa 2023 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Sidhani kuna mteja atakayekubali hilo lisomwe mwishoni mwa tangazo lake, basi tuseme yale yasiyo na ubishi, yanayohusu mtu fulani kwa saa fulani: "Una mimba? Usinywe. Unaendesha? Usinywe." Dereva wa pikipiki anajijua, na mjamzito anajijua. Hakuna atakayeuliza ni chupa ngapi.

Mwanasheria Kijana

Hiyo ya Muuguzi ndiyo ningeipeleka CSAC kama pendekezo, pamoja na sentensi moja tu ya kanuni: onyo lolote litolewe kwa lugha ileile iliyotumika kutoa ahadi, na kwa njia ileile, yaani kilichosemwa kwa sauti kionywe kwa sauti. Haikatazi bidhaa yoyote, haimnyimi mtu kazi, na ni vigumu kuipinga hadharani bila kueleza unaogopa nini. Niko tayari kuiandika barua. Nitahitaji tarehe, saa na chaneli za matangazo yenyewe, kwa hiyo ndugu Sauti, lile daftari lako la jioni ile usilitupe.

Aliyekuwa Kitengo cha Biashara

Ongeza neno moja katika kanuni hiyo: kilicholipiwa kiandikwe kuwa kimelipiwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kipindi, na si sekunde mbili za mwanzo. Nikiulizwa na Baraza nitaeleza jinsi ankara zilivyokuwa. Majina sitataja.

Sauti ya Kampemba (mwanzilishi wa uzi)

Daftari lipo. Ile ya Muuguzi nimeipima mara tatu: sekunde tatu na nusu, nikipumua vizuri katikati.

Alhamisi saa nne asubuhi nina kazi studio, bia ileile, toleo la sikukuu za mwisho wa mwaka. Nitaisoma bila kuomba ruhusa, mwishoni, kwa sauti ileile ninayosifia nayo, kisha nitawaacha waniambie wenyewe kwa maneno yao kwamba niikate. Nitakuja kuwaandikia hapa watakachosema.

Mama Ruashi

Na wakikupokonya kazi wakampa mwingine?

Sauti ya Kampemba (mwanzilishi wa uzi)

Wapo vijana wawili wanaokingoja kiti hicho, Mama, nawajua wote. Mmoja nilimfundisha mimi kushika pumzi mbele ya maikrofoni. Jana usiku nimempigia simu nikamsomea ile sentensi, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtumie kwa ujumbe.